Kata Mpaka Chuma Kizima: Hotuba kwa Mafundi Bodi na Wenye Land Cruiser za Zamani

Wazee wa gereji, mafundi wenzetu, wenye magari, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya bodi, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie sakafu za magari zilizoliwa na kutu, hasa za Land Cruiser za zamani: zile za mfululizo wa 60 zilizoanza kutoka mwaka 1980, na za mfululizo wa 70 zilizofuata mwaka 1984. Magari haya hadi leo yanabeba wagonjwa, mizigo, watalii na samaki. Injini zake hazichoki upesi, na chesisi yake ni nene. Kinachoyamaliza huku Pwani ni bati la bodi, na katika bodi hutangulia sakafu, kwa kuwa maji yote huishia pale na hakuna anayepatazama.

Neno letu kubwa ni moja, na tunalisema sasa hivi ili hata atakayeondoka mapema aondoke nalo. Usichomelee bamba jipya juu ya kutu. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, na kabla hujakata, ujue maji yanaingilia wapi.

Kwa nini tunalishikilia hili? Kwa sababu bamba la juu juu ndiyo kazi inayofanyika zaidi, na ndiyo inayoua magari mengi. Fundi anaona tundu la ukubwa wa kiganja, anakata bamba la ukubwa wa sahani, analiweka juu na kulichomelea pembeni. Mteja anaona sakafu imefunga, analipa, anaondoka. Lakini kati ya bamba jipya na bati la zamani umebaki mwanya mwembamba ambao brashi haiufikii. Joto la weldi limeshaunguza rangi iliyokuwapo ndani yake. Unyevu ukiingia humo hautoki tena. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba na kusukuma mabati mawili yaachane. Bati la zamani huliwa kuzunguka mshono, na baada ya misimu michache ya mvua bamba jipya linabaki zima, limening'inia, halina kinacholishika. Safari hii tundu si la kiganja tena. Ni donda lililofungwa bandeji bila kuoshwa.

Basi tuanze na maji, kwa sababu anayeanza na grainda atakutana na gari lile lile tena.

Katika Land Cruiser hizi kioo cha mbele kimeshikwa na mpira, hakikugandishwa kwa gundi. Jua likiukausha, mpira hupasuka kwenye pembe za chini. Maji hutuama kwenye fremu, fremu huoza kimyakimya chini ya mpira, kisha maji hushuka nyuma ya dashibodi hadi miguuni mwa dereva au abiria. Ukiona malengelenge ya rangi kwenye pembe za chini za kioo, umeshampata mshukiwa wa kwanza. Kupaka silikoni kuzunguka mpira hakusaidii, kunayafungia maji ndani tu. Kioo kitolewe, fremu itengenezwe, mpira uwe mpya.

Chini ya waipa kuna sehemu ya kuingizia hewa. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mkungu hujaa majani humo, njia ya kutolea maji inaziba, na mvua ikikaza maji yanafurika kuingia kwenye boksi la feni na kutokea miguuni. Halafu kuna kiyoyozi. Mpira wake mdogo wa kutolea maji ukiziba kwa vumbi, maji yanadondoka upande wa abiria. Dalili yake ni rahisi: zulia linalowa kiangazi, siku ambazo hakuna hata wingu. Maji ya hita hujulikana kwa rangi ya maji ya rejeta na utelezi wake vidoleni. Wengi huku hatuwashi hita kabisa, lakini mabomba yake yamo ndani ya gari yakisubiri kuvuja.

Kuna chanzo kingine ambacho mafundi wengi hawakihesabu kwa sababu si maji. Silinda kuu ya klachi imefungwa kwenye ukuta wa injini, yaani bati linalotenga injini na dereva, juu ya pedeli. Sili yake ikichoka, mafuta ya breki hutiririka upande wa ndani wa ukuta hadi chini ya pedeli. Mafuta haya hubabua rangi. Sakafu ya dereva inabaki chuma kitupu chini ya zulia, na hapo unyevu wa viatu tu unatosha kuanzisha kutu. Ukikuta rangi imelainika na kubanduka kama ngozi chini ya pedeli ya klachi, usifunge sakafu mpya kabla ya kubadilisha silinda au sili zake, la sivyo rangi yako mpya nayo itabanduka.

Nyuma mambo ni mengine. Hapo kutu hutoka chini, kwa matope na mchanga yanayorushwa na matairi na kujazana juu ya matao ya magurudumu. Au hutoka juu, kwa mzigo. Gari linalobeba samaki na barafu hunyweshwa maji ya chumvi kila safari, na maji hayo hupita chini ya zulia la mpira na kukaa kwenye mikunjo ya bati. Gari la mbugani nalo hujazwa udongo mwekundu ndani ya mihimili iliyo chini ya sakafu. Udongo huo hushika unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka.

Mtu anayeleta gari lililoagizwa kutoka Uingereza, au kutoka maeneo ya theluji ya Japani, asidanganywe na rangi ya juu inayong'aa. Huko barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huingia kwenye maungio ya chini. Gari linaweza kufika bandarini bila hata doa juu, huku mihimili ya sakafu imeshaanza kufumuka.

Namna ya kutafuta maji ni hii. Toa viti, zulia na felti yote. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na bomba la maji. Anza kumwagia chini: milango kwanza, kisha mipira ya nyaya kwenye ukuta wa injini, kisha sehemu ya waipa, kisha kioo, mwisho mfereji wa paa. Kila mahali pape dakika tano kabla ya kupanda. Ukianzia juu, maji yatashuka kupitia kila mahali na hutajua ni wapi palipovuja. Maji ya bomba yatiririke tu. Mashine ya presha hupenyeza maji hata mahali pasipovuja.

Sasa ukaguzi wa chuma. Chini ya felti utakuta mabamba ya lami yaliyowekwa kiwandani kupunguza kelele. Yatoe yote katika eneo la kazi, kwa upepo moto na patasi pana. Usiyaache kwa sababu yanaonekana mazima: kutu hupenda kutambaa chini yake, na lami ikishika moto wakati wa kuchomelea hutoa moshi mzito na kudondosha vipande vinavyowaka. Kisha gonga sakafu nzima kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Dunga kwa bisibisi iliyochongoka bila huruma. Bisibisi ikipenya, au bati likibonyea, pale si chuma tena. Weka alama kwa chaki, kisha ongeza sentimita 2 hadi 3 kuzunguka alama. Huo ndio mstari wa kukata. Rudia kutoka chini, gari likiwa juu ya stendi, na utazame hasa mahali ambapo mihimili imeshikana na sakafu, kwenye vizingiti vya milango, na kuzunguka mipira inayobeba bodi juu ya chesisi.

Hapa tuseme na wenye magari na mafundi kwa pamoja. Bei ya kazi ya sakafu isitajwe kabla zulia na lami havijatoka. Fundi anayetaja bei akiwa amesimama nje ya mlango atalazimika ama kula hasara ama kufunika asichokitarajia, na mara nyingi atafunika. Lipeni kwanza kazi ya kufungua na kukagua, peke yake. Mkishaona pamoja, mpatane.

Kabla ya cheche ya kwanza, tenganisha betri ncha zote mbili na nyaya za alteneta. Kama gari ni la miaka ya karibuni na lina kompyuta ya injini, ichomolewe. Klampu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, ifungwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichosuguliwa. Ukiifunga mbali, umeme utatafuta njia kupitia beringi, waya wa breki ya mkono au chochote kinachounganisha. Fuatilia kila kinachopita chini ya sakafu: bomba za breki, bomba za mafuta, nyaya. Kisichoweza kusogezwa kifungwe kwa kitambaa kilicholowa na kukingwa kwa bamba. Tangi likiwa karibu na eneo la kazi, litolewe. Na tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake pana mvuke. Ndoo ya maji, mtungi wa kuzimia moto, na mtu wa pili anayetazama upande wa pili wa bati, hivyo vitatu viwepo. Ukimaliza kuchomelea kwa siku hiyo, usifunge gereji na kwenda. Kaa nusu saa, kwa sababu felti huungua bila mwali.

Bodi ibaki imefungwa kwenye chesisi, gari likiwa sawa kwenye sakafu tambarare. Pima mianya ya milango na uiandike. Kama kizingiti kimeoza pamoja na sakafu, chomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma kabla ya kukata. Usipofanya hivyo, bodi italegea milimita chache, utachomelea kila kitu vizuri, na mlango hautafunga tena. Tengeneza upande mmoja hadi mwisho, ndipo uhamie wa pili.

Tengeneza kiraka kabla ya tundu. Chukua karatasi ngumu ya boksi, ikunje ifuate umbo la sakafu, kata kielelezo, kisha ukihamishie kwenye bati. Bati likishakubali kukaa mahali pake ndipo uchore mstari na kukata. Anayekata kwanza hupoteza umbo la kulinganisha.

Bati gani? Sakafu za magari haya zinaridhika na geji 18, yaani milimita 1.2. Mihimili ya chini, inayobeba viti na mipira ya bodi, iwe geji 16, milimita 1.6, au zaidi ikiwa ya asili ni nene zaidi. Mabati ya paa ya geji 30 hayafai hata kidogo. Unene wake ni kama milimita 0.3, na yamepakwa zinki inayotoa moshi mweupe ikichomwa. Moshi huo humpa mtu homa na maumivu ya mwili usiku ule ule. Kama umelazimika kutumia bati la zinki lenye unene unaofaa, sugua zinki sentimita 3 kutoka ukingoni pande zote mbili, na ufanye kazi penye hewa.

Bati la pipa la lita 200 wengi mnalitumia, na chuma chake si kibaya, lakini pipa ambalo hujui lilibeba nini usilikate kwa grainda. Mvuke uliobaki ndani umeshaua watu. Kuna pia wanaopenda bamba la milimita 3 lenye vipele, wakiamini kuwa unene ndiyo nguvu. Hesabuni: mita moja ya mraba ya bamba hilo ni zaidi ya kilo 23, wakati ya milimita 1.2 ni kilo 9 na nusu. Tena ukiunganisha milimita 3 na bati la zamani la milimita 1, joto linaloyeyusha nene linatoboa jembamba. Mshono unapatikana kwa shida, na unapasuka pembeni mwake barabara ikianza kutikisa.

Nguvu ya sakafu inatoka kwenye mikunjo yake zaidi ya unene. Ile mifereji iliyopigwa kiwandani si pambo. Bati bapa la ukubwa wa magazeti mawili litatetema na kupiga kelele gari likishika mwendo, na kutetema huko huchosha mishono. Tengeneza mifereji yako: chukua ubao mgumu, mvule au mninga, chonga mfereji wa upana wa milimita 15 hivi, laza bati juu yake, weka chuma cha duara cha milimita 12, kisha gonga kidogo kidogo kutoka ncha hadi ncha, ukirudia mara nyingi. Ukitaka kufika chini kwa pigo moja bati litajikunja kote. Fuata njia ya mifereji ya zamani, na uhakikishe inaelekea kwenye tundu la kutolea maji.

Kwa kukata, tumia diski ya milimita 1. Pembe za tundu ziwe za mviringo, nusu kipenyo kisipungue milimita 20, kwa sababu pembe kali hukusanya mkazo na ufa huanzia hapo. Unapofika juu ya mhimili usikate kwa pupa. Sakafu imeshikwa kwenye mhimili kwa vinukta vya weldi vya kiwandani. Visugue uvione, vitoboe bati la juu tu kwa keekee ya milimita 8, kisha tenganisha kwa tindo nyembamba. Mhimili ukiwa mzima utaubakisha na kuusafisha. Ukiwa umeoza, badilisha kipande chake kwanza, kabla ya sakafu.

Maungio ni ya aina mbili. La kwanza ni la kukutanisha kingo bila kupandisha, mwanya ukiwa kama milimita 1. Ni zuri kuliko yote, maana hakuna mfuko wa maji, lakini linataka mkono uliotulia. La pili ni la kupandisha kwa milimita 12 hadi 15. Linakubalika kwenye sakafu, kwa masharti: bati la zamani liwe limesuguliwa hadi ling'ae, nyuso zinazolaliana zipakwe praima, yaani rangi ya kwanza, ya zinki inayovumilia weldi, na kingo zote mbili, ya juu na ya chini, zizibwe baadaye kwa sila, gundi ya kuziba maungio. Upangeni mpandio kwa akili. Maji ya tairi la mbele hurushwa kuelekea nyuma, kwa hiyo bati la mbele lilale chini ya bati la nyuma yake, ili ukingo unaoonekana ukiwa chini ya gari utazame nyuma. Ukitazama mbele, kila dimbwi litapiga maji ndani ya ungio.

Kuchomelea kwenyewe: mashine ya MIG (inayojilisha waya huku ikipuliza gesi ya kukinga weldi) yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo ya kazi hii. Gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksidi hutoa mshono laini. Kaboni dayoksidi pekee ni nafuu na inafanya kazi, ila inarusha cheche zaidi na kupenya zaidi, kwa hiyo punguza umeme. Gesi itoke lita 8 hadi 12 kwa dakika. Upepo wa bahari ukipita gerejini utaipeperusha, na mshono utajaa vitundu kama mkate wa mofa. Ukiviona hivyo, kwanza zuia upepo kwa turubai, ndipo uguse vitufe vya mashine. Piga nukta moja kila sentimita 3, ukiruka upande huu na upande ule wa kiraka. Ngoja hadi uweze kushika kwa mkono. Kisha jaza katikati ya nukta kwa vipande vifupi vya sentimita 2, ukiendelea kuruka. Mshono mrefu wa mfululizo unavuta bati lijikunje, na bati lililojikunja halirudi. Juu ya mhimili, toboa kiraka matundu ya milimita 8 kila sentimita 3 hadi 4, kisha jaza kila tundu kwa weldi ianzie kwenye chuma cha chini.

Tunajua si kila gereji ina MIG. Mashine ya rodi ya inveta inaweza kufanya kazi hii ukitumia rodi za milimita 2.0, umeme wa ampea 40 hadi 50, ungio la kupandisha, na kipande cha shaba kilichobanwa nyuma ya bati ili kinyonye joto. Rodi za 2.5 kwenye bati la milimita 1 ni kutafuta matundu. Gesi ya asetilini hupasha eneo kubwa mno, na sakafu hujikunja. Wanaounga kwa shaba nyeupe au ya njano, dawa ya kusafishia inayobaki juu ya ungio ina chumvi zinazokula chuma; ioshwe kwa maji ya moto na brashi, na ungio la namna hiyo lisiwekwe kamwe kwenye kiti, mkanda au mpira wa bodi.

Na kama kila ukigusa bati la zamani linatoboka, acha kupunguza umeme. Bati linakuambia kwamba hujafika kwenye chuma kizima. Rudi kwenye grainda, ongeza sentimita nyingine mbili.

Mahali pa viti na mikanda pana heshima yake, kwa sababu hapo pana uhai wa mtu. Nati ya mkanda ilikaa kwenye bamba la kuongeza nguvu. Kama limeoza, jipya lisiwe dogo kuliko la asili na unene usipungue milimita 3, lichomelewe kuzunguka kote. Tumia bolti za mkanda za asili. Nyingi ni za inchi 7/16 zenye uzi mwembamba, na bolti ya milimita 11 au 12 ya dukani haitaingia ipasavyo hata ukiilazimisha. Kiraka cha ribiti hakiruhusiwi hapo, wala faibaglasi, wala bodifila. Bodifila hunyonya maji popote ilipo, na sakafuni haina kazi.

Wenye Land Rover, neno moja kwenu. Bodi zenu nyingi ni za aloi ya alumini, lakini ukuta wa injini na mabakuli ya kuwekea miguu ni chuma. Njia ya kukata na kuchomelea ni hiyo hiyo. Ila pale chuma kinapogusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe. Kabla ya kufunga, paka pande zote mbili praima ya epoksi na uweke sila katikati, na usipige bamba la chuma juu ya alumini kwa ribiti likiwa tupu.

Sasa rangi, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika dakika za mwisho. Sugua mishono kwa diski ya msasa namba 60 au 80 bila kuila ikawa nyembamba kuliko bati. Osha eneo lote kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, juu na chini, ili chumvi itoke. Kupaka rangi juu ya chumvi ni kuiwekea akiba: itavuta unyevu kupitia rangi na kuinua malengelenge. Likikauka, paka asidi ya fosforiki kwenye vishimo vya kutu vilivyobaki kwenye chuma kizima; itageuza kutu kuwa nyeusi. Asidi haiponyi bati lililooza, kazi yake ni vile vishimo tu. Ioshe na ukaushe kama maelekezo yake yanavyosema, kwa sababu asidi iliyobaki huzuia epoksi kushika. Kisha praima ya epoksi siku hiyo hiyo, makoti mawili, pande zote mbili. Huku Pwani chuma kilichosuguliwa asubuhi kinaweza kuwa na rangi ya chungwa kesho yake kwa umande tu. Pakeni kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka.

Sila ya maungio iwekwe juu ya praima, isiwekwe juu ya chuma kitupu. Iwe ya poliyurethani, ya magari. Ile silikoni ya vioo na masinki yenye harufu ya siki msiitumie: harufu hiyo ni asidi inayotoka ikikauka, na huanzisha kutu chini yake. Baada ya sila, rangi. Chini ya gari, koti la kinga linalobaki na unyumbufu. Lami ya bei rahisi hukauka, hupasuka na kushika maji nyuma yake. Ndani ya mihimili puliza nta kwa mrija mrefu mpaka uione ikidondoka kwenye matundu ya chini. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huimwaga chini ya magari, ina asidi na masizi, hulainisha mipira ya bodi na bushi, na kilichobaki kinadondoka ardhini.

Kwa sakafu mbili za mbele, nunueni nusu ya bati la futi 8 kwa 4 la geji 18, kipande cha geji 16 kwa ajili ya mihimili, waya kama kilo moja, diski za kukatia kumi, diski za msasa tatu, asidi nusu lita, epoksi lita moja pamoja na kigandishi chake, mirija miwili ya sila, na lita moja ya nta. Kikibaki kitu, hakitaoza.

Matundu ya kutolea maji yaliyokuwapo kiwandani yarudishwe mahali pake na vizibo vyake vya mpira. Kuna mafundi huyafunga kwa weldi wakidhani wanazuia maji. Sakafu isiyo na tundu ni sinia: lililoingia halitoki. Felti ya zamani isirudi. Kwa gari la kazi tunaona ni heri zulia la mpira peke yake, linaloinuliwa kila wiki na kuanikwa, kuliko felti nzuri inayokunywa maji na kuyaficha.

Gari likishatoka, siku ya mvua kubwa ya kwanza ya masika mwenye gari apitishe mkono chini ya zulia, pembe zote nne, na pakilowa alirudishe siku hiyo hiyo bila kungoja. Likitoka ufukoni au kubeba samaki, lioshwe kwa maji baridi chini, matao ya magurudumu na ndani ya mihimili, jioni ile ile. Kila mwaka kabla ya masika vizibo vitolewe, mchanga umwagwe, nta iongezwe. Na tundu likiziba, lizibuliwe kwa kijiti cha mti. Bisibisi itakwaruza rangi ya ukingoni, na ukingo huo ndio wa kwanza kushika kutu.